Viunga vya Kilwa ya Kale: Ushahidi wa Husuni Kubwa na Songo Mnara

Mwanafunzi wa shule ya sekondari asomaye historia ya Afrika Mashariki hukutana na jina la Kilwa mapema. Huelezwa habari za dhahabu ya Sofala, za masultani waliopiga sarafu zenye majina yao, za msafiri Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331, na za Wareno walioushambulia mji huo mwezi wa Julai 1505. Habari hizo ni muhimu. Hata hivyo, karibu zote zahusu kitovu cha mji, yaani sehemu ile ya kaskazini-magharibi ya Kilwa Kisiwani ulipo Msikiti Mkuu, na karibu zote zahusu watawala na matajiri.

Makala haya yanahusu mahali pawili palipokuwa nje ya kitovu hicho. Pa kwanza ni Husuni Kubwa, jengo lililosimama peke yake juu ya mwamba wa pwani, mwendo wa kilometa mbili hivi mashariki ya mji. Pa pili ni Songo Mnara, mji mdogo uliojengwa katika kisiwa kingine upande wa kusini, ambao wakazi wake walifungamana na Kilwa kwa biashara, kwa sarafu na kwa bahari yenyewe. Mahali hapo pawili twaweza kupaita viunga vya Kilwa ya kale. Hoja itakayoelezwa ni kwamba viunga hivyo hujibu maswali ambayo kitovu cha mji hakiwezi kuyajibu, hasa lile swali kuu: watu wa kawaida waliishi vipi, na katika nyumba gani?

Kwa nini kitovu cha mji ni kigumu kusomeka

Akiolojia ni elimu ya kuchunguza maisha ya watu wa kale kwa kutumia vitu walivyoviacha ardhini. Msingi wake mmojawapo ni kanuni ya tabaka. Watu wakiishi mahali pamoja kwa muda mrefu, taka, majivu, udongo wa kuta zilizoanguka na sakafu mpya hurundikana, tabaka juu ya tabaka. Ikiwa ardhi haikuvurugwa, tabaka la chini ni la kale kuliko la juu yake. Mchimbaji huondoa tabaka moja moja, huandika kila kitu mahali kilipopatikana, na hivyo hupata mfuatano wa nyakati.

Kanuni hiyo ilitumiwa Kilwa na Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa kisiwani humo mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, na aliyetoa taarifa kamili ya kazi hiyo katika majalada mawili mwaka 1974. Chini kabisa alikuta mabaki ya kijiji cha karne ya 9 hivi: vigae vya vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono, dalili za uhunzi wa chuma, na nyumba za miti na udongo. Majumba ya mawe yalikuja baadaye sana, juu ya tabaka za kijiji hicho. Kwa hiyo Kilwa haikuanza kuwa mji siku walipotua wageni na mawe yao. Ilianza kama makazi ya wavuvi, wakulima na wahunzi wa pwani, ikakua.

Lakini katika kitovu cha mji kanuni ya tabaka hukutana na kikwazo. Pale ambapo watu wameishi kwa karne nyingi bila kuhama, kila kizazi huchimba misingi yake ndani ya mabaki ya kizazi kilichotangulia. Visima, vyoo na makaburi hupenya tabaka za chini na kuzichanganya. Mawe ya nyumba iliyoanguka huchukuliwa kujengea nyingine. Msikiti Mkuu wenyewe ni mfano mzuri. Sehemu yake ya kaskazini ni ya zamani zaidi. Ukumbi mkubwa wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ukaanguka, kisha ukajengwa upya katika karne ya 15. Mtu aingiaye humo leo husimama ndani ya kazi ya vizazi vingi kwa wakati mmoja, na si rahisi kuzitenganisha.

Viunga havina taabu hiyo kwa kiasi kikubwa. Husuni Kubwa ilikaliwa kwa muda mfupi tu, tena bila kumalizika. Songo Mnara ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Mahali palipokaliwa kwa muda mfupi na kisha kuachwa huhifadhi sura ya wakati mmoja. Ndiyo maana mtafiti atakaye kujua jinsi nyumba ya karne ya 15 ilivyotumika, chumba kwa chumba, hupata jibu lililo wazi zaidi Songo Mnara kuliko kando ya Msikiti Mkuu.

Husuni Kubwa: jumba la mwambani

Jina Husuni limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Hata hivyo, Husuni Kubwa haina umbo la ngome ya vita. Ni jumba la kifalme pamoja na mahali pa biashara, lenye vyumba zaidi ya mia moja vilivyopangwa kuzunguka nyua kadhaa. Upande wa kusini upo uwanja mkubwa wa mraba uliozungukwa na vyumba vingi, ambao wataalamu wanauona kuwa sehemu ya kuhifadhia na kuuzia bidhaa. Upande wa kaskazini, ukingoni mwa mwamba uelekeao bahari, ndiko yalikokuwa makao ya mtawala: ua wenye ngazi za kukalia, vyumba vya ndani, na birika la kuogea lenye pande nane. Karibu na hapo, ng'ambo ya korongo dogo, yapo magofu ya Husuni Ndogo, ambayo ni boma la mstatili lenye ukuta mnene na minara imara.

Mjenzi wa Husuni Kubwa ajulikana. Katika magofu yake kulipatikana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu ya jiwe, yenye cheo cha Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala Kilwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 14. Huyu ndiye yule yule aliyempokea Ibn Battuta, naye msafiri huyo amemsifu kwa ukarimu wake, akieleza kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi. Mabaki mengine yaliyofukuliwa humo, pamoja na vipande vya chupa ya kaure ya Kichina ya wakati wa ufalme wa Yuan, yanakubaliana na tarehe hiyo. Hivyo ushahidi wa namna tatu, yaani maandishi ya jiwe, kitabu cha msafiri na vyombo vya kaure, huelekea wakati mmoja. Mwanafunzi azingatie jambo hilo: katika historia, hoja hupata nguvu pale ambapo mashahidi wasiotegemeana wanapokubaliana.

Ujenzi wenyewe wastahili kuangaliwa kwa jicho la sayansi. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yakiunganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni. Moto mkali huondoa hewa ya ukaa iliyomo ndani ya jiwe na kubakiza chokaa hai. Chokaa hai ikichanganywa na maji, na kisha ikapakwa ukutani, huvuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na polepole hurudi kuwa jiwe. Kwa mihrabu, miimo ya milango na mapambo, mafundi walitumia aina nyingine ya tumbawe, ile itolewayo baharini ikiwa mbichi. Tumbawe hilo huwa laini likitoka majini, na fundi huweza kulichonga mistari na maua. Likishakauka hewani huwa gumu.

Paa nazo zilikuwa na sheria yake. Dari ya kawaida ya mji wa pwani ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo zina urefu wake na nguvu zake. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba nyingi za mawe vya pwani ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulipimwa na mti, wala si na tamaa ya mwenye nyumba. Katika Husuni Kubwa mafundi walijaribu kuishinda sheria hiyo kwa kutumia kuba na paa za mviringo, ambazo hupeleka uzito wa paa kwenye kuta bila kuhitaji boriti.

Kazi kubwa namna hiyo haikudumu. Baadhi ya sehemu za jumba hazikukamilishwa kamwe, na baada ya muda mfupi makao ya watawala yakarudi mjini. Mtaalamu John Sutton ameihusisha fahari ya wakati ule na bei nzuri ya dhahabu katika masoko ya ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 14, na kufifia kwake na kushuka kwa biashara hiyo baadaye. Dhahabu yenyewe ilitoka bara, katika nchi ya nyanda za juu za Zimbabwe, ikapitia Sofala. Uhusiano huo si wa kubuni: sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Fumbo la mji wa miti

Hapa ndipo linapozuka fumbo. Ibn Battuta aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, lakini akaeleza kwamba majengo yake yalikuwa ya miti na dari zake za matete. Yawezekanaje msafiri aliyefika mwaka 1331, wakati Msikiti Mkuu wa mawe umekwisha kusimama na jumba la Husuni lajengwa au limekwisha kujengwa, aseme kwamba mji ulikuwa wa miti?

Wengine wameona kwamba alisahau, kwa maana kitabu chake kiliandikwa miaka mingi baada ya safari, kwa kumsimulia mwandishi. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba aliona alichokiona. Mji wa karne ya 14 ulikuwa na majengo machache ya mawe, nayo yalikuwa misikiti na majumba ya wakubwa. Nyumba nyingine nyingi zilijengwa kwa fito, boriti na udongo. Msafiri aliyepita mitaani aliona miti na udongo kila upande. Mtafiti apitaye leo haoni ila mawe, kwa sababu miti imeoza, udongo umenyeshewa na kurudi ardhini, na mawe peke yake ndiyo yaliyobaki.

Fumbo hili lina funzo kubwa kwa yeyote anayejifunza kupima ushahidi. Kinachobaki si lazima kiwe ndicho kilichokuwa kingi. Mtu akihesabu magofu tu, atadhani kwamba Kilwa ilikuwa mji wa matajiri watupu. Ili kuwapata watu wengine ilihitajiwa njia ya kuiona nyumba ambayo haipo tena. Njia hiyo ilitumiwa kwa mafanikio makubwa Songo Mnara.

Songo Mnara: mji uliokaliwa kwa kipindi kimoja

Magofu ya Songo Mnara yapo upande wa kaskazini wa kisiwa chenye jina hilo. Maelezo ya UNESCO yanataja misikiti mitano, jumba kubwa la fahari, na nyumba za makazi zipatazo 33, zote zikiwa ndani ya mji uliozungushiwa ukuta. Nyumba nyingi zimeungana kuta, nazo zimeuzunguka uwanja ulioachwa wazi katikati, wenye visima, msikiti mdogo na makaburi.

Kuanzia mwaka 2009 utafiti wa mahali hapo uliongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania. Swali lao halikuwa nani alitawala, bali watu walifanya nini na wapi. Katika nyumba za mawe waliona mpango uliokaribiana. Mgeni alipanda ngazi, akaingia katika ua uliochimbwa chini kidogo, wenye mabaraza ya kukalia. Nyuma ya ua kulikuwa na vyumba vilivyofuatana, kila kimoja cha siri zaidi kuliko kile cha mbele yake. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea nyuzi za pamba. Vitu kama hivyo vilipatikana pia kwa wingi Kilwa Kisiwani. Kwa hiyo nyumba ya mawe haikuwa mahali pa kulala na kupokea wageni tu. Ilikuwa pia mahali pa kazi, na biashara ya nguo haikuwa ya kununua vitambaa vya India peke yake.

Ardhi tupu yasemeshwa

Jambo lililowapa watafiti hao matunda mapya zaidi ni uchunguzi wa sehemu zisizo na magofu. Macho ya kawaida huona uwanja wa nyasi na minazi. Lakini njia tatu za kisayansi zilisaidia kuusoma uwanja huo.

Njia ya kwanza ni upimaji wa usumaku. Udongo mwingi una chembe za madini ya chuma. Udongo ukipata moto mkali, kwa mfano katika jiko, au katika ukuta wa udongo ulioungua, chembe hizo hubadilika na kuathiri kidogo nguvu ya sumaku ya dunia mahali pale. Chombo chepesi kikipitishwa juu ya ardhi kwa mistari iliyonyoka huandika tofauti hizo, na ramani inayopatikana huonyesha mahali pa kuchimba bila kuipasua ardhi yote.

Njia ya pili ni kemia ya udongo. Mahali watu wanapopika, wanapotupa taka au wanapofunga mifugo, ardhi hupata fosforasi na madini mengine kwa wingi kuliko kawaida. Fosforasi hushikamana na udongo, haisombwi upesi na mvua. Sampuli ndogo ndogo zikichukuliwa kwa umbali uliopimwa sawasawa, zaweza kuonyesha pa kupikia, pa kupita na pa kufagiwa, hata baada ya miaka 500.

Njia ya tatu ni uchunguzi wa chembe za silika za mimea. Majani, nafaka na minazi hunyonya silika kutoka ardhini pamoja na maji, na silika hiyo huganda ndani ya seli zake, ikichukua umbo la seli. Mmea ukioza au ukiungua, chembe hizo hubaki. Chini ya hadubini mtaalamu huweza kutofautisha jamii ya minazi na jamii ya nyasi na nafaka, na hivyo kujua palipokuwa na makuti, mikeka au chakula.

Kwa njia hizi, zikifuatwa na uchimbaji, iligunduliwa kwamba sehemu ya uwanja iliyodhaniwa kuwa tupu ilikuwa na nyumba za miti na udongo, zilizokuwapo wakati ule ule wa majumba ya mawe. Wakazi wake walikuwa ndani ya ukuta mmoja na matajiri, wakitumia visima vile vile. Kwa upande mwingine, sehemu ya katikati iliachwa wazi kwa makusudi, kwa ajili ya makaburi na ibada. Juu ya baadhi ya makaburi yalikutwa mawe madogo meupe na sarafu, dalili ya kwamba watu waliendelea kuwazuru wafu wao. Kwa hiyo uwazi wa mahali si ushahidi wa kwamba hapakuwa na kitu. Wakati mwingine uwazi huo ni nyumba iliyopotea, na wakati mwingine ni uamuzi wa watu wenyewe.

Sarafu na tatizo la tarehe

Sarafu za Kilwa nyingi ni za shaba. Upande mmoja zina jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtaja Mungu, yakiwa na vina na upande wa kwanza. Hazina mwaka. Zaidi ya hayo, sarafu za mtawala mmoja ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya kufa kwake. Mtu akiokota sarafu moja juu ya ardhi, basi, hawezi kuitumia kutaja tarehe ya mahali hapo.

Mwaka 2011 sarafu zaidi ya 300 zilipatikana Songo Mnara zikiwa zimefukiwa pamoja, chini ya nyumba moja ya mawe. Thamani ya ugunduzi huo haiko katika shaba, bali katika mahali zilipokutwa. Zilifukiwa kwa wakati mmoja, chini ya jengo ambalo umri wake wajulikana kwa ushahidi mwingine; hivyo zaonyesha ni sarafu za watawala gani zilizokuwa mikononi mwa watu kwa pamoja. Lau kama mtu angezifukua kwa siri na kuziuza, kila moja ingekuwa kipande cha shaba tu.

Watu wa Kilwa walikuwa nani

Wakati wa ukoloni, vitabu vingi vilisema kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Uajemi na Arabuni, na kwamba Waafrika walikuwa watumishi tu. Kumbukumbu ya kale ya Kilwa, iliyohifadhiwa katika maandishi ya Kiarabu na katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552, nayo yasimulia juu ya watu wa Shirazi waliokuja kwa majahazi. Baada ya uhuru, wanahistoria wengi walielekea kuikataa simulizi hiyo yote.

Mwaka 2023 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na mahali pa karibu na bara, wakiwamo wa Kilwa na wa Songo Mnara. Katika wengi wao, zaidi ya nusu ya urithi wa vinasaba ulitoka kwa wazazi wa Kiafrika, hasa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya urithi uliobaki ilitoka Asia, nao kwa kiasi kikubwa ulitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulikuwa kumekwisha kuanza kufikia mwaka 1000 hivi.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya heshima, karibu na misikiti. Hawawakilishi wakazi wote. Pili, vinasaba havijengi mji. Vyungu vya karne ya 9, uhunzi, chakula na lugha ya Kiswahili yenyewe vyaonyesha utamaduni wenye mizizi katika Afrika, uliowapokea wageni na kuwafanya kuwa watu wa nyumbani. Simulizi ya Shirazi haikuwa uongo mtupu, wala haikuwa historia nzima. Ilikuwa kumbukumbu ya ukoo wa baba, iliyonyamaza juu ya mama.

Hatari iliyopo

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mmomonyoko wa pwani, mizizi ya miti na kubomoka kwa kuta. Baada ya kazi ya miaka kadhaa, pamoja na ukarabati wa kuta, uzuiaji wa mawimbi na upandaji wa mikoko, yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Hiyo ni sifa kwa mafundi na wanavijiji walioifanya kazi hiyo. Hata hivyo bahari haijaacha kula ukingo wa pwani.

Jambo la kuzingatia ni lipi huharibika kwanza. Ukuta wa mawe ukianguka huonekana, hupigwa picha, na fundi mwenye ujuzi wa chokaa huweza kuusimamisha tena. Sakafu ya nyumba ya udongo ikisombwa na wimbi, au ikipinduliwa na jembe, au ikichimbwa na mtafuta hazina, hakuna aonaye kwamba kitu kimepotea, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Hivyo wale ambao vitabu vya kale havikuwataja ndio ambao ardhi itakuwa ya kwanza kuwasahau.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba mahali pa kale bila kibali. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho watu hawajui kwamba kipo. Vijiji vingi vya pwani vina mahali panaposemwa kuwa palikuwa mji wa kale, na wazee wanaolijua jina la mahali hapo. Mwalimu awezaye kuwafundisha wanafunzi wake kutofautisha kigae cha kale na takataka, na kukiacha kigae hicho mahali kilipo, amewapa sayansi na amewaachia wajukuu wao kitu cha kuchunguza.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kanuni ya tabaka. Kwa nini kanuni hiyo ni ngumu kutumika katika kitovu cha mji uliokaliwa kwa muda mrefu?

2. Taja namna tatu za ushahidi zinazosaidia kuijua tarehe ya Husuni Kubwa. Kwa nini ni bora kuwa na namna tatu kuliko moja?

3. Andika mlinganyo wa kemia unaoonyesha jinsi tumbawe linavyogeuka kuwa chokaa hai, na jinsi chokaa inavyorudi kuwa jiwe.

4. Ibn Battuta alisema Kilwa ilikuwa mji wa miti. Jadili kama ushahidi wa Songo Mnara unaunga mkono maneno yake.

5. Zoezi la darasa: Chora ramani ya shule na eneo linaloizunguka. Onyesha majengo yatakayoacha mabaki baada ya miaka 500 na yale yatakayotoweka. Mtafiti wa wakati huo akiona mabaki hayo tu, angewafikiria vipi watu walioishi hapo, na angekosea wapi?

6. Kwa msaada wa mwalimu, waulize wazee wa kijiji au mtaa juu ya mahali pa kale palipo karibu. Andika jina la mahali, simulizi zake, na hali yake ya sasa. Usichimbe wala kuondoa kitu chochote.